Pedali ilizama hadi sakafuni: nianze na breki au na nguvu?

SWALI

Fundi wetu, pokea salamu kutoka Lanet, Nakuru.

Nina Volkswagen Golf GTI ya 2006, ile Golf 5, injini ya lita 2 yenye tabo (kifaa kinachobana hewa na kuisukumia injini), giaboksi ya DSG, yaani ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe. Ilitoka Japani na sasa imetembea kilomita 138,000. Ni gari la kila siku: kazini, sokoni, na mara mbili kwa mwezi Kisumu kuwaona wazee. Mwezi uliopita niliipeleka Athi River kwenye siku ya traki, yaani kuendesha gari lako kwa kasi ndani ya uwanja wa mbio, mara yangu ya kwanza. Mizunguko mitatu ilienda vizuri. Katika ule wa nne pedali ya breki ilizama karibu iguse sakafu. Niliipampu mara mbili ikashika, nikatoka nje. Baada ya dakika kama ishirini ikawa ngumu tena, nikarudi nayo Nakuru bila tatizo.

Kuna mengine mawili. Alasiri gari lilipungukiwa nguvu, likawa zito kama limebeba magunia, ingawa taa ya injini haikuwaka na mshale wa joto ulikuwa palepale kwenye 90. Pia tairi za mbele zimelika ukingo wa nje hadi maandishi ya ubavuni yameanza kufutika. Kwenye kona nakata usukani, pua inaenda moja kwa moja.

Gereji moja hapa mjini imesema masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali, imekufa, nilete shilingi 32,000. Rafiki yangu wa Eldoret anasema nisihangaike na breki, nianze na rimapu ya steji wani, yaani kubadili programu ya kompyuta ya injini ili itoe nguvu zaidi, shilingi 70,000, kisha daunpaipu, bomba la ekzosi linalotoka kwenye tabo. Nina shilingi 120,000 na miezi miwili. Mke wangu ameuliza jambo moja tu: hilo gari litarudi nyumbani likiwa na breki? Nianzie wapi?

Mwenye GTI, Lanet

JIBU

Ndugu yetu wa Lanet, salamu tumezipokea. Masta silinda usiinunue kabla ya kuipima, na kuipima hakugharimu hata shilingi. Washa injini gari likiwa limesimama na breki zikiwa baridi, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida, kisha ushikilie hapo dakika mbili. Ikizama polepole chini ya mguu, na huoni maji yakivuja kwenye gurudumu wala paipu yoyote, raba za ndani zinapitisha na fundi wako amesema kweli. Ikikaa imara, masta silinda ni nzima. Tunaamini itakaa imara, kwa sababu masta silinda iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa dakika ishirini.

Kilichokupata ni maji ya breki kuchemka. Maji haya hufyonza unyevu wa hewani kidogo kidogo, kupitia mipira ya breki na kifuniko cha chupa yake, na kadiri unyevu unavyozidi ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 4, daraja la kawaida la maji ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishafyonza unyevu wa asilimia 3.7, kipimo cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155, na kalipa (kile kibanio cha pedi) ya mbele ya gari la kilo 1,300 na zaidi hufika huko ndani ya mizunguko michache. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubanika. Mguu wako ulikuwa unabana mapovu badala ya kusukuma pedi. Yalipopoa mvuke ukarudi kuwa maji, pedali ikapata ugumu wake, nawe ukaamini yameisha.

Hapo ndipo swali la mama watoto linapokuwa la maana kuliko yote yaliyo kwenye barua yako. Ukitoka Athi River kuja Nakuru huna budi kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, upitie Mai Mahiu au Kinungi, mara nyingi nyuma ya malori, mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Uliteremka na maji yaleyale yaliyochemka uwanjani. Hayakuwa na akiba yoyote. Siku hiyo bahati ilikuwa yako.

Tofautisha pia tatizo hili na lile la pedi, kwani wengi huyachanganya wakanunua kisichohitajika. Pedali ikizama na kuwa laini, ni maji. Pedali ikibaki ngumu kama jiwe lakini gari halisimami, na kuna harufu kama ya klachi iliyoungua, pedi zimepita joto lake. Wewe ulipata la kwanza, lakini pedi zako kagua vilevile. Uso wa pedi ukiwa unang'aa kama kioo, umeungua. Unene nao una kazi mbili: mbali na kusugua, ndio unaozuia joto la diski lisifike kwenye pistoni na kuyapasha maji. Pedi iliyobaki milimita 3 inaweza kukupeleka Kisumu na kukurudisha salama, lakini traki itachemsha maji mapya kabisa. Usiingie uwanjani na pedi iliyo chini ya nusu ya unene wake.

Basi nunua lita 1 ya maji ya breki. Kwa matumizi yako tungechagua DOT 4 ya mashindano, ambayo kiwango chake kikavu, yaani cha kuchemka kabla ya kufyonza unyevu, kinapita nyuzi 300. Motul RBF 600, kwa mfano, imeandikwa 312. Usipoipata Nakuru, DOT 5.1 yenye kipimo cha chini cha 260 kikavu na 180 ikiwa na unyevu ni bora mara nyingi kuliko uliyo nayo. Angalia ile nukta: DOT 5 bila .1 ni ya silikoni, haichangamani na hizi nyingine na haifai kwenye gari lenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) kama lako. Chupa iwe imefungwa kwa lakiri yake. Nusu chupa iliyokaa kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana imeshakunywa unyevu wake.

Kuyabadilisha ni kazi ya watu wawili na saa moja. Nyonya maji ya zamani kwenye chupa ya juu kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha fungulia nipeli (ile skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa) gurudumu moja baada ya jingine kwa mpangilio wa kitabu cha gari, mpaka yanayotoka yawe masafi bila povu. Chupa isishuke chini ya alama hata mara moja. Hewa ikiingia kwenye boksi la ABS utahitaji mashine ya kompyuta kuitoa. Na hapa pana kosa linalofanyika kila siku: anayekanyaga pedali asiizamishe hadi mwisho. Pistoni ya masta silinda imezoea kutembea sehemu fupi. Kule mwisho ambako haijawahi kufika pana kutu na uchafu, na raba zikipitishwa hapo zinachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali. Masta silinda nyingi zilizokufa ziliuawa siku ya kutoa hewa.

Kwa pedi, tafuta za mbele zenye kiwango cha barabara ya kasi na traki, si za mashindano tupu. Hizo za mashindano hazishiki zikiwa baridi, na asubuhi ya ukungu pale Londiani ukielekea Kisumu hutakuwa na muda wa kuzipasha moto. Diski zipime kwa maikromita kwenye uso unaosuguliwa, usipime ukingo. Za mbele za GTI hii ni kipenyo cha milimita 312 na unene wa 25, na zinatupwa zikifika 22. Za nyuma ni 286 kwa 12, zinatupwa kwa 10. Kipimo hicho huchongwa kwenye diski yenyewe. Kama utabadilisha pedi za nyuma, mwambie fundi pistoni ya kalipa ya nyuma inazungushwa huku ikisukumwa. Akiibana kwa klempu atavunja mtambo wa handibreki uliomo ndani.

Pedi mpya zinahitaji kulishwa moto taratibu. Alfajiri, barabara ikiwa tupu, punguza kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa mara kumi mfululizo kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ikiwezekana, zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali zikiwa na moto, pedi itaacha muhuri wake kwenye diski, na baadaye utasikia usukani ukitetemeka na kuambiwa diski zimepinda.

Kabla hatujafika kwenye nguvu, kuna swali ambalo barua yako haikuligusa: taiming belti, mkanda unaozungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu), ilibadilishwa lini? Fungua boneti usome herufi za injini. Ikiwa ni AXX au BWA, kama tunavyotarajia kwa gari la 2006, una mkanda wa raba. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na habari ya injini inaishia hapo. (Golf 6 yenye CCZ ina cheni, na ushauri wake ni mwingine.) Gari la miaka mingi, kilomita 138,000, bila risiti wala kibandiko cha mkanda, halifai kupelekwa kwenye mizunguko ya juu. Badilisha mkanda, tenshena na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo na kazi ya kufikia pale ni moja. Kama risiti haipo, basi zile elfu sabini za rimapu zimeshapata kazi.

Injini hiyohiyo ina kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya shinikizo la juu. Kamshafti inakisugua kila mzunguko. Rangi yake nyeusi ya juu ikiisha, chuma kinaanza kulika, kikitoboka pampu inasuguana na kamshafti moja kwa moja, na bei inapanda kutoka kikombe hadi kamshafti. Namba yake ya spea ni 06D 109 309 C. Kukikagua, injini iwe baridi na shinikizo la petroli limeshushwa, ndipo pampu ifunguliwe. Kitoe kwa sumaku. Kikiwa cheusi chote, kirudishe. Kikiwa na duara linalong'aa katikati, weka kipya. Rudia kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Spea hii ni ya bei ndogo, na haina sababu ya kusubiri.

Sasa kuhusu nguvu kupotea alasiri. Usiuamini ule mshale. Golf hii imetengenezwa ili mshale usimame kwenye 90 wakati joto halisi la kulanti (maji ya kupoza injini) liko popote kati ya takriban 75 na 107, dereva asishtuke bure. Unaposogea, mambo yameshaharibika. Nunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia kompyuta ya gari, kinachosoma kwenye simu, utazame vitu viwili: joto la kulanti na joto la hewa inayoingia kwenye injini. La pili ndilo tunalolishuku.

Sababu iko hewani. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Athi River ni kama mita 1,500, Kisumu 1,130, na ndiyo maana gari linakuwa jepesi mguuni ukishuka upande wa ziwa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho na kunyamaza. Yako ina kompyuta inayojua hewa imepungua na kuiagiza tabo izunguke kasi zaidi kufidia. Inafidia kweli, lakini hewa inayobanwa zaidi inatoka ikiwa moto zaidi, na hiyohiyo hewa nyepesi ndiyo inayotegemewa kupoza intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na rejeta. Baada ya mizunguko kadhaa kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche na kupunguza presha ya tabo ili petroli isilipuke ovyo. Taa haiwaki kwa sababu hakuna kilichoharibika. Injini inajilinda. Joto la hewa likipita 60 na kuendelea kupanda, umepata jibu lako.

Rimapu inaagiza tabo ileile ibane zaidi ya hapo. Mizunguko miwili utafurahi, wa tatu utakuwa mzito kuliko ulivyo leo, na utafika kwenye kona zilezile ukiwa na kasi kubwa na breki zilezile. Rafiki yako hajakosea kwamba steji wani inaipa GTI hii nguvu nyingi kwa pesa. Amekosea wakati.

Anza na maji na vumbi. Vumbi la Nakuru ni laini kama unga, linapenya hadi kati ya kondensa ya AC, intakula na rejeta, ambazo zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na kwa nje huoni kitu. Toa bampa, osha kutoka upande wa feni kuja mbele kwa maji ya shinikizo dogo. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta. Chujio la hewa nalo badilisha. Tazama rangi ya kulanti: iwe ya waridi au zambarau, aina ya G12+ au G13, nusu kwa nusu na maji safi. Ikiwa ni maji ya mfereji, uko pabaya, maana maji matupu yakiwa wazi hapa Nakuru huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na kinachoyazuia ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha tangi dogo. Kifuniko kikichoka maji huchemka mapema. Kibadilishe bila kubishana nacho. Kagua pia chini ya pampu ya maji kama kuna alama za waridi zilizokauka.

Kuna valvu ya kuachilia presha iliyofungwa kwenye tabo yenyewe kwa boliti tatu. Za mwanzo zilikuwa na utando wa raba unaochanika, na dalili yake ni hiyohiyo ya uzito: tabo inabana na nusu inarudi ilikotoka. Itoe uitazame. Ikiwa imechanika, hilo nalo limechangia.

Oili ya injini iwe 5W-40 yenye idhini ya VW 502 00. Inaingia lita 4.6 pamoja na chujio jipya. Siku ya traki kipimo kiwe karibu na alama ya juu, kisizidi, kwani kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu ikinyonya hewa hata sekunde mbili, beringi zinakumbuka. DSG yako ni ile ya klachi zinazoogelea kwenye oili, na oili hiyo na chujio lake vinatakiwa kila kilomita 60,000. Kwa kilomita zako ilipaswa kuwa mara mbili. Zinaingia kama lita 5 na kidogo, na kiwango kinapimwa injini ikizunguka, oili ya giaboksi ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo asiiguse. Petroli weka ya daraja la juu na tangi lisishuke chini ya nusu.

Tairi sasa. Ukingo wa nje umelika kwa sababu tatu zilizoshirikiana. Kwanza upepo. Nunua geji yako mwenyewe, maana za vituo vya petroli kila moja ina maoni yake. Anza na psi 32 mbele tairi zikiwa baridi, kisha pima mara tu unapotoka uwanjani: lengo ni 36 hadi 38 zikiwa moto. Chora mstari wa chaki kuanzia uso wa tairi hadi ubavuni. Chaki ikifutika kupita ile alama ndogo ya pembetatu, tairi inalala ubavu, ongeza. Kabla ya safari ya kurudi rudisha upepo wa kawaida ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, kwa sababu zikipoa zitakuwa chini.

Pili ni mkao wa magurudumu. GTI ya kawaida ina kemba (mwegemeo wa gurudumu) ndogo sana mbele, kama nusu digrii ya kuegemea ndani, na kwenye kona gurudumu la nje linasimama juu ya bega lake. Kufika digrii 1.5 hadi 2 kunahitaji plati za juu za shoki zinazorekebika. Zingoje. Kwa sasa fanya alaimenti ya kawaida, tou ya mbele (magurudumu kuelekeana au kuachana) iwe sifuri. Lakini kabla ya alaimenti mwambie fundi ainue gari na kusukuma kwa mtaimbo bushi ya nyuma ya mkono wa chini, mbele kulia na kushoto. Barabara zetu huzichana. Ikichanika, gurudumu linajigeuza lenyewe unapokanyaga breki, na alaimenti yoyote utakayolipia itadumu hadi tuta la kwanza.

Tatu, utusamehe, ni mikono. Pua ikikataa kugeuka, kuongeza usukani kunasaga tairi tu. Legeza petroli kidogo na ufungue usukani kidogo, tairi ishike tena. Funga breki kabla ya kona gari likiwa limenyooka, na subiri kukanyaga mafuta mpaka unaona njia ya kutokea. Subira hiyo inaokoa hata breki: gurudumu la mbele la ndani likianza kuteleza, gari lenyewe linalifungia breki ili kupeleka nguvu kwa lenzake, na joto hilo linaingia kwenye diski zilezile. Mfumo wa kuzuia kuteleza uache ukiwa umewashwa.

Tairi zilizofika maandishi ya ubavuni usizirudishe uwanjani. Ukinunua, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mitumba mingi ya Japani ina uso mzuri na raba iliyokauka. Ukipata nne mpya za 225/45 R17 za kampuni inayoeleweka, inatosha. Na kama rimu zako si za Volkswagen, kagua boliti leo. Za kiwandani zina kichwa cha mviringo kama mpira, rimu nyingi za sokoni zinataka cha koni. Ukichanganya, boliti inashika kwa ukingo mwembamba tu na kulegea kwa moto. Zote zikazwe kwa tork renchi, Nm 120, na zipimwe tena baada ya kila zamu ya uwanjani.

Kwa hiyo pesa: maji ya breki, pedi za mbele na kikombe cha kamshafti kwanza, mwezi huu. Mkanda na pampu kama risiti haipo. DSG. Tairi za mbele. Elfu 120 haitabeba yote hayo, na ikiwa mkanda utaila, kosa tukio lijalo uende la baadaye. Shoki za kushusha gari hazimo kabisa kwenye hesabu.

Siku yenyewe: mzunguko mmoja wa kupasha moto, miwili au mitatu ya kasi, mmoja wa kupoza bila kugusa breki, kisha toka. Pedali ikianza kurefuka hata kidogo, toka papo hapo. Ukiegesha usivute handibreki. Weka P, ziba gurudumu kwa jiwe, na baada ya dakika chache sogeza gari nusu mita pedi zisikae sehemu moja ya diski. Usizime injini mara moja, iache izunguke dakika moja au mbili tabo ipoe. Toa kila kitu kilicholegea ndani, na funga ndoano ya kuvutia mapema ukikumbuka inaingia kwa kuzungusha kushoto. Helmeti usiazime iliyowahi kuanguka. Bima yako isome pia, maana sera nyingi hazilipi kwa mbio wala majaribio ya kasi.

Beba chupa ya pili ya maji ya breki, spana ya nipeli na ule ubao. Breki zikishapoa kabisa, kanyaga pedali kwa nguvu mara tano. Ikiwa imeshuka kuliko asubuhi, toa hewa kalipa mbili za mbele hapohapo, ujaribu tena uwanjani kwa mwendo mdogo. Ikibaki laini, tafuta pa kulala Athi River na umpigie mama watoto simu. Mai Mahiu mtateremka kesho.